Fungu la Mkwezi

Kila msimu wa karafuu unapokaribia kisiwani Pemba, swali linalotangulia mengine yote, tokea Konde hadi Kengeja, ni moja tu: bei mwaka huu ni ngapi? Huulizwa barazani, huulizwa sokoni, huulizwa baada ya sala ya Ijumaa. Na Serikali inapotoa jawabu, habari huenea kisiwa kizima kabla jua halijatua. Swali hilo ni la haki. Lakini liko swali la pili ambalo haliulizwi kwa sauti kama hiyo, nalo ni zito kuliko la kwanza: katika bei hiyo, fungu la yule aliyeukwea mkarafuu ni lipi?

Bei ni jambo moja na mgawo ni jambo jingine. Bei yaweza kupanda na mgawo ukabaki ule ule. Yaweza hata kupanda na fungu la mwenye jasho likapungua. Makala hii inahusu mgawo.

Wataalamu wa uchumi hulipima jambo hili kwa taifa zima. Pato lote la nchi kwa mwaka hugawanyika katika mafungu mawili makubwa. La kwanza ni fungu la kazi, yaani mishahara, ujira na kila malipo ambayo mtu huyapata kwa nguvu za mikono na akili yake. La pili ni fungu la mali, yaani faida, riba na kodi za ardhi na majumba. Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, limekadiria kwamba fungu la kazi katika dunia nzima lilishuka kutoka kiasi cha asilimia 54 ya pato lote mwaka 2004 hadi asilimia 52.4 mwaka 2024. Upungufu huo huonekana haba ukiandikwa katika karatasi. Lakini Shirika hilo hilo limehesabu kwamba, lau fungu la kazi lingalibaki kama lilivyokuwa mwaka 2004, watu wa kazi duniani wangalipata kiasi cha dola trilioni 2.4 zaidi katika mwaka 2024 peke yake. Fedha hizo hazikupotea baharini. Zilihama kutoka mfuko mmoja kwenda mfuko mwingine.

Mambo ya matrilioni yako mbali na sisi. Mizani iliyo karibu nasi ni karafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu la zao hili, na kwa zaidi ya karne moja fedha za karafuu ndizo zilizoijaza hazina ya Zanzibar. Mwenye kutaka kujua jinsi pato la nchi hii lilivyogawanywa baina ya kazi na mali, na aitazame karafuu moja tangu tawini hadi melini.

Historia ya karafuu ni historia ya mgawo. Katika zama za utumwa mgawo huo haukuwa na fumbo lolote: mtumwa alifanya kazi ya bwana siku tano za juma, akaachiwa Alhamisi na Ijumaa alime kikonde chake apate cha kula. Siku mbili hizo ndizo zilizokuwa ujira wake. Ilipotolewa amri ya mwaka 1897 ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria, fidia iliwekwa kwa ajili ya mabwana kwa kupoteza watumwa. Haikuwekwa fidia kwa ajili ya watumwa kwa kupoteza umri wao. Ndugu msomaji, hapo paangaliwe vizuri, kwa kuwa ndipo ilipoonekana waziwazi kwamba sheria yaweza kubadilika na daftari la hesabu likabaki katika mkono ule ule.

Baada ya utumwa kazi ya kuchuma ikalipwa kwa kipimo: pishi ya karafuu mbichi kwa pesa kadhaa. Wachumaji walitoka ng'ambo ya mashariki ya kisiwa, kwenye ardhi ya mawe isiyostawisha mikarafuu, na wengine walitoka Unguja na Tanganyika. Wenye mashamba nao wengi wao walikuwa wamezama katika madeni, wakiweka rehani mashamba yao kwa wakopeshaji wa mjini, hata ikawa mavuno yameliwa kabla hayajachumwa. Mwaka 1927 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na sheria za mwaka 1934 zikakipa nguvu kubwa katika biashara ya zao hilo. Jina lilikuwa la wakulima, lakini mambo yaliyokishughulisha yalikuwa ya wenye mashamba, na mojawapo lilikuwa kuzuia gharama za uchumaji zisipande. Gharama ya mwenye shamba ndiyo riziki ya mchumaji. Aliyeipunguza ya kwanza aliipunguza ya pili.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalifanywa kwa jina la wakwezi na wakulima. Maneno hayo mawili hayakuwekwa pamoja kwa ajili ya pambo la lugha. Mkulima ni mwenye jembe na ardhi. Mkwezi ni yule ambaye pengine hana hata shina moja lililo lake, ila anao miguu ya kupandia na mikono ya kuchumia. Mashamba makubwa yakataifishwa, eka tatu tatu zikagawiwa kwa wananchi, na tarehe 23 Septemba 1964 ikatangazwa elimu bila ya malipo. Mtoto wa mchumaji akaingia darasani pamoja na mtoto wa aliyekuwa bwana shamba. Hilo nalo ni fungu, nalo lahesabika katika ujira wa watu wa kazi, ijapokuwa halikulipwa mkononi.

Mwaka 1968 likaanzishwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na karafuu zikawa na mnunuzi mmoja. Makusudio yalikuwa mema: kumwondoa mlanguzi na mkopeshaji, na kuifanya faida ya biashara kuwa mali ya umma. Lakini ukweli haumwogopi mtu. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu katika soko la dunia ilipanda sana, na Indonesia, ambayo huchanganya karafuu katika sigara zake, ilikuwa mnunuzi mkubwa. Fedha za kigeni ziliingia kwa wingi, ila bei aliyolipwa mkulima kituoni haikupanda kwa mwendo huo. Alibakiwa na sehemu ndogo mno ya bei iliyopatikana nje. Zilijengwa skuli, hospitali na majumba ya maendeleo, nayo bado yamesimama Wete, Chake Chake na Mkoani kama ushahidi. Pamoja na hayo, mikarafuu ilizeeka bila ya kupandwa mipya, kwa sababu mtu hapandi mti ambao faida yake haioni. Na karafuu zikaanza kusafiri usiku kwa mashua kuelekea pwani ya Kenya.

Magendo yalipigwa vita kwa boti, kwa doria na kwa adhabu kali, na askari wa KMKM walifanya kazi yao. Mwenye magendo ni mwivi wa mali ya umma, na hatumtetei. Lakini kiongozi mwenye busara alipaswa kujiuliza kwa nini mtu mwenye watoto nyumbani ahatarishe uhai wake katika bahari ya usiku kwa magunia mawili ya karafuu. Jawabu lilikuwa katika mgawo. Kisha, ilipofika katikati ya miaka ya 1980, Indonesia ilikuwa imekwisha kupanda mikarafuu yake ya kuitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Neema ilipita, na mkulima aliyeikosa wakati wa wingi aliikosa tena wakati wa uchache.

Mwalimu Nyerere na TANU walikwisha kuonya, katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, kwamba unyonyaji si wa bepari na kabaila pekee; kwamba mji nao waweza kumnyonya shamba, kwa kuwa mikopo ya kujengea mjini hulipwa kwa fedha za mazao ya mkulima. Onyo hilo liliandikwa kwa ajili ya Bara, lakini lilikuwa na maana kubwa zaidi hapa Visiwani, ambako zao lilikuwa moja.

Haki inataka kazi njema isifiwe. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, ilipandisha bei ya karafuu kavu ya daraja la kwanza hadi shilingi 15,000 kwa kilo, na kwa misimu mingi iliyofuata bei ikakaa kwenye shilingi 14,000. Ikawekwa siasa kwamba mkulima apewe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Karafuu nyingi zilizokuwa zikitoroka zikarudi vituoni, na mabanda ya makuti katika vijiji vingi yakaota mabati. Bei nzuri ilifanya kwa mchana mmoja kazi ambayo doria haikuimaliza kwa miaka.

Basi mgawo wa kwanza, ule wa Serikali na mwenye karafuu, ulitengenezwa, ukawekwa wazi, na kila mtu akaujua kwa tarakimu. Lakini chini yake upo mgawo wa pili, ule wa mwenye karafuu na mchumaji, nao haujaandikwa popote.

Tuutazame kwa macho. Mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi mepesi kukatika. Tawi huvunjika ghafla, bila ya kutoa taarifa. Mchumaji hupanda na kingoe chake cha kuvutia vitawi na pakacha lake la kutilia vishada, naye hana budi kuwahi kabla ua halijafunguka, maana karafuu iliyofunguka imekwisha kushuka daraja. Akishuka, karafuu hupimwa. Katika mashamba mengi bado hupimwa kwa pishi, na hapo ndipo lilipo fumbo la mgawo. Iko pishi ya mfuto, iliyosawazishwa ukingoni; na iko pishi ya tele, iliyorundikwa mpaka ikamwagika. Anayelipa hupenda ya tele. Anayelipwa hupenda ya mfuto. Na mwenye sauti siku hiyo ndiye pishi inayemfuata. Mchumaji akipima mapishi ishirini kwa siku, kilima kidogo juu ya kila pishi ni kazi ya saa kadhaa isiyolipwa. Hakuna karani aliyeandika kilima hicho katika hesabu za taifa.

Baada ya magharibi huja kazi ya kuchambua, kuzitenga karafuu na makonyo yake, na hii aghalabu ni kazi ya wanawake. Kukicha huja kuanika, kugeuza, kukusanya mawingu yanapotanda, kuanika tena, siku baada ya siku mpaka karafuu ikauke barabara. Wa nyumbani hawalipwi kwa kazi hizi, na wa kukodiwa hulipwa kidogo. Hata hivyo, daraja la karafuu, ambalo ndilo linaloamua bei, hupatikana au hupotea jamvini.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nao ni mfano tu, si takwimu ya msimu wowote. Tuseme kilo moja ya karafuu kavu inauzwa nje kwa shilingi 17,500. Asilimia 80 yake ni shilingi 14,000, ndizo anazopewa aliyeifikisha kituoni. Shilingi 3,500 hubaki kwa Shirika na Serikali. Kilo moja kavu hutokana na kiasi cha kilo tatu mbichi. Tuseme mchumaji analipwa shilingi 1,000 kwa kilo mbichi. Basi katika kilo moja kavu fungu lake ni shilingi 3,000, yaani kiasi cha asilimia 17 ya bei ya nje. Shilingi 11,000 zilizosalia zimo mkononi mwa mwenye shamba au aliyelikodi, ambaye humo hulipa uchambuzi, ulinzi, gari na kodi. Sasa bei ya dunia na ipande ifike shilingi 20,000. Mwenye karafuu atapata shilingi 16,000. Lakini mchumaji, ikiwa kipimo ni kile kile na ujira ni ule ule, atabaki na shilingi zake 3,000, na fungu lake litakuwa limeshuka hadi asilimia 15. Watu watashangilia neema, nao watakuwa na haki ya kushangilia. Ila mkwezi hatakuwamo katika shangwe hiyo.

Hapa patasemwa: je, mkwezi na mwenye shamba si mara nyingi mtu mmoja? Ndiyo, na jambo hili ndilo linalowatatiza hata mabingwa. Katika nchi maskini watu wengi hawana mwajiri. Hulima, huvua na huchuma wenyewe pamoja na wake zao na watoto wao. Hesabu inayotazama mishahara tu huiona kazi yao yote kuwa faida ya mali, na kwa hivyo hutangaza kwamba katika nchi kama zetu fungu la kazi ni dogo mno. Mwaka 2002 mchumi Douglas Gollin alionyesha kosa hilo: pato la wanaojiajiri linapohesabiwa ipasavyo, fungu la kazi katika nchi nyingi, tajiri kwa maskini, huangukia baina ya asilimia 65 na 80. Kwa familia ya Mtambile inayochuma eka zake tatu yenyewe, shilingi 11,000 za mfano wetu nyingi zake ni jasho, si mali.

Kwa hiyo ziko Pemba mbili ndani ya karafuu moja. Iko Pemba ya familia inayokwea miti yake, ambayo bei ikipanda nayo hupanda. Na iko Pemba ya mkodi na vibarua wake, ambamo mtu mmoja hununua mavuno yangali mtini, na wengine hupanda kwa pishi. Mikarafuu ya Serikali nayo hukodishwa hivyo hivyo. Takwimu zinazozichanganya Pemba mbili hizi katika safu moja iitwayo "mkulima" zinamficha mkwezi nyuma ya mgongo wa mkodi.

Tusiwadhulumu wenye kukodi pia. Wao hutoa fedha taslimu kabla ya kuona karafuu. Mvua ikizidi, hasara ni yao. Na watasema kwamba ujira ukipandishwa kwa amri, karafuu za matawi ya juu zitaachwa zipukutike mpaka ziwe mpeta. Hoja hiyo ina uzito dhidi ya kiwango kisichobadilika. Haina uzito dhidi ya mgawo. Ikiwa ujira wa kuchuma utatajwa kuwa sehemu fulani ya bei iliyotangazwa, basi bei ikishuka mzigo utapungua kwa wote, na bei ikipanda neema itawafikia wote. Serikali ilipojifunga kwa asilimia 80 haikuua biashara, bali iliifufua. Kanuni iliyofaa baina ya Serikali na mkulima haiwezi kuwa haramu baina ya mkulima na mkwezi.

Tunapendekeza basi mambo manne, na tunawaomba viongozi wa Wilaya nne za kisiwa hiki wayatazame kabla ya msimu ujao.

La kwanza, karafuu mbichi zipimwe kwa mizani ya kilo iliyokaguliwa, na pishi ipumzishwe. Dini yetu ina sura nzima inayoanza kwa kuwalaani wanaopunja vipimo, wapokeao kwa utimilifu na kutoa kwa upungufu. Hatuhitaji mwanasheria wa kutufasiria.

La pili, siku inapotangazwa bei ya karafuu kavu, litangazwe pia fungu la mchumaji kwa kilo mbichi, baada ya mashauriano ya wakulima, wakodi na wachumaji wenyewe. Kima cha chini cha mshahara huhesabiwa kwa mwezi; mchumaji hana mwezi, ana msimu, na kwa sababu hiyo amri zile humpita juu kama ndege. Pale mikarafuu iliyo mali ya Serikali inapokodishwa, sharti hili liingie katika mkataba wa ukodishaji, ili umma uanze kwa kujifunga wenyewe.

La tatu, anayeanguka asiwe mtu wa sadaka. Wako walioanguka mikarafuuni wakalipwa fidia, na tunashukuru. Lakini fidia iwe haki inayojulikana kabla ya kupanda, pamoja na kiasi chake na mahali pa kuidai, isiwe huruma inayongojewa baada ya kuvunjika kiuno.

La nne, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali imhesabu mkwezi. Tunaambiwa kila mwaka karafuu zimenunuliwa tani ngapi na zimeingiza fedha kiasi gani. Tuambiwe pia, katika fedha hizo, zilizokwenda kwa kazi ni ngapi, zilizokwenda kwa mali ni ngapi, na zilizobaki katika hazina ni ngapi. Na kazi ya mwanamke anayechambua na kuanika iandikwe kwa jina lake. Jambo lisilohesabiwa halijadiliwi, na lisilojadiliwa halirekebishwi.

Wako watakaosema kwamba karafuu imekwisha kuachia nafasi kwa utalii, na kwamba habari hizi ni za jana. La hasha. Hoteli nazo zina wakwezi wao: mpishi, mfua mashuka, mvuvi anayeleta pweza mlangoni. Taifa lisilojua kuligawa pato la zao moja ililolizoea kwa karne nzima halitajua kuligawa pato la mgeni aliyefika jana. Karafuu ndiyo skuli yetu, na somo la mgawo tukifaulu humo tutalichukua kwingine kokote.

Mtume Muhammad (S.A.W.) ameusia kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wazee waliotufundisha chuoni walilikazia neno hilo kwa upande wa kuwahi kulipa. Lakini ndani yake liko sharti jingine lililotangulia, nalo ni kwamba ujira uwe umejulikana. Mtu hawezi kulipwa kwa wakati haki ambayo haijapimwa. Mizani ipo, karatasi ipo, na bei hutangazwa kila msimu. Kinachosalia ni kuongeza mstari mmoja katika tangazo, na mstari huo uwe wa mkwezi.